Adabu ya Kugeukia Ukuta

Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nilipima mizani za wachinjaji, pampu za mafuta, fimbo za kupimia vitambaa na magorogoro, yale makopo ya kupimia, ya wauza mahindi, na katika kazi hiyo nilijifunza jambo ambalo kustaafu hakujaniondolea: neno la mtu halina uzito mpaka liwekwe kwenye mizani. Muuzaji huapa, mnunuzi hulalamika, mashahidi hujaa kutoka kila upande, na mkaguzi hufungua sanduku lake la mawe ya shaba akanyamaza. Ndivyo nilivyoishi kazini. Ndivyo nilivyoishi nyumbani pia, jambo ambalo marehemu mke wangu hakulifurahia siku zote.

Kitinda mimba wetu ni binti. Alisomea kompyuta, nami nilitarajia apate ofisi yenye dirisha na mlango wa kufungwa. Badala yake alikodi chumba cha mabati hatua chache kutoka Olympic, Kibera, akaweka benchi mbili, televisheni na kompyuta, akafungua ukumbi wa gemu. Mimi nakaa Nyayo Highrise, mwendo wa miguu usiomchosha hata mzee, lakini miezi minne ilipita kabla sijakanyaga pale. Majirani walinieleza mengi: kwamba ni pango la wavivu, kwamba vijana huvuta bangi humo, kwamba binti yangu ameharibika. Sikuyaamini na sikuyakataa. Asubuhi moja nilichukua fimbo yangu na daftari nikaenda kuona.

Sikuona moshi. Niliona vijana wawili, kila mmoja ameshika kontrola, ile ya vitufe inayoshikwa kwa mikono miwili, na wengine sita nyuma yao wakitoa ushauri ambao haukuombwa. Walikuwa wanacheza mpira wa miguu kwenye televisheni. Ghafla mmoja wao, fundi viatu ambaye kibanda chake kiko mkabala na ukumbi, alisimama, akaupa mgongo mchezo wote, akakaza uso wake kwenye ukuta wa nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Umegeuka?" mwenzake akauliza.

"Nimegeuka."

"Na macho?"

"Macho yako kwa kichwa, buda. Unataka yabaki kwa benchi?"

"Usichungulie. Nakujua."

"Panga watu wako, wacha story. Hapa naona mabati tu."

Nilimuuliza binti yangu ni adhabu ya kosa gani. Akacheka, akanieleza. Wachezaji wawili hutumia televisheni moja. Mmoja anapotaka kuwapanga wachezaji wake, awaweke mabeki watano au washambuliaji watatu, mpango wote huonekana kwenye televisheni hiyohiyo, na mpinzani aliyekaa kando yake huuona wazi kama anavyouona yeye. Ndiyo maana ukumbi una adabu yake: mmoja akipanga, mwingine hugeukia ukuta mpaka aambiwe "tayari." Hakuna aliyeiandika. Nilikuja kujua kwamba kumbi za mtaa wa Kawangware zina adabu hiyohiyo, ingawa hakuna anayejua ilianzia wapi.

"Na asiyegeuka sawasawa?" nikauliza.

"Hapo ndipo kontrola huvunjika, Baba. Wiki iliyopita moja iligonga mlango."

Wakati huo yeye na wenzake wawili wa chuoni walikuwa wanaunda mchezo wao wenyewe wa mpira. Viwanja vyake vilikuwa vya vumbi jekundu kama vyetu, mpira ukitumbukia mtaroni mchezo ulisimama mpaka utolewe, na mbuzi walikuwa na ruhusa ya kupita karibu na kona. Alichotaka kuongeza kilikuwa skrini ya pili. Kila mchezaji angekuwa na tableti yake, imeegemezwa kwenye kibao cha mteremko mbele ya benchi, na juu ya kioo hicho angewapanga watu wake kwa kuwagusa na kuwaburuta kwa kidole. Televisheni ingebaki ya uwanja peke yake.

Nilimpinga. Nilimwambia kwamba katika kazi yangu, sheria ilitaka uso wa mizani uonekane na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, na kwamba kilichofichwa ndicho kilichooza.

"Kilo zinaonekana na wote, Baba," akasema. "Lakini je, uliwahi kumlazimisha mnunuzi aonyeshe kilichomo mfukoni kabla hajataja anachotaka?"

"Hapana."

"Basi magoli ni kilo. Mpango ni mfuko."

Mtu akinishinda kwa hoja huwa naenda nayo nyumbani kwanza.

Tableti zilipofika nilizikagua kwa wiki tatu, kila asubuhi, na yale niliyoandika kwenye daftari nayasema hapa kwa kuwa niliyaona mwenyewe. Vidole vyangu vina ugonjwa wa viungo. Kontrola yenye vitufe vingi ilinishinda kabisa. Kabla kidole gumba hakijakunjika, goli limekwisha kuingia. Lakini kumburuta beki kwa kidole juu ya kioo ni sawa na kusogeza kikombe mezani, na hilo niliweza. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki Silanga, ambaye hupita pale akirudi nyumbani na gunia lake tupu, hakuwa amegusa gemu maishani mwake. Siku ya tatu alikuwa amekaa mbele ya tableti akimwamuru mpwa wake aliyeshika kontrola: "Mimi nahamisha watu, wewe kimbia. Kimbia! Nimekufungulia upande wa kulia na wewe umelala!" Hapo nilielewa kwamba skrini ya pili imeigawa gemu sehemu mbili, kichwa na miguu, na kwamba mwenye miguu mizito sasa alikuwa na mahali pa kukaa.

Niliandika kasoro pia. Kwa kukimbia na kupiga mashuti, kioo hakifai. Kidole humfunika mchezaji unayetaka kumwona, na kwa kuwa kioo hakina ncha wala shimo la kukiongoza kidole gumba, mtu hulazimika kuinamisha macho kutafuta kitufe, na akiyainua amefungwa. Tena mkono wenye jasho au matone ya mvua haueleweki na kioo. Binti yangu alizisoma kasoro zangu, akaacha kontrola zibaki kwa miguu na tableti kwa kichwa, na kwa lile la jasho akafunga kitambaa kwa uzi kwenye kila kibao. Hakuna mfanyabiashara hata mmoja, katika miaka yangu yote ya kazi, aliyewahi kunishukuru kwa kasoro niliyomwonyesha. Yeye alishukuru.

Siku tableti zilipofungwa kwenye vibao nilimpelekea zawadi. Ilikuwa cheti changu cha kustaafu, chenye muhuri wa serikali na maneno mazito kuhusu uaminifu wangu, ndani ya fremu pana yenye kioo nilichokuwa nakifuta kila Jumapili. Nilitaka kila anayeingia ajue kwamba ukumbi ule una ukoo nyuma yake. Nilichagua mahali mwenyewe: ukuta wa nyuma, upande wa kushoto, kimo cha macho ya mtu mzima. Binti yangu alishika msumari, mimi nikapiga nyundo.

Sasa nieleze kitu ambacho mgeni angekiona cha ajabu. Baada ya tableti kuja, hapakuwa tena na haja ya mtu kugeukia ukuta. Mpango ulikuwa kwenye tableti ya mwenyewe, si kwenye televisheni. Hata hivyo waliendelea kugeuka. Mchezaji mgeni alipanga kwanza, mwenyeji akasimama na kugeuka. Kisha mwenyeji akapanga, mgeni akageuka. Mikono ilikuwa imezoea, na miguu, na pengine mioyo. Mimi niliyekuwa nimezoea kuwaona vijana wakisukumana nilipendezwa sana na adabu hiyo. Nilimwambia binti yangu asiiguse.

Habari za mchezo zilifika Kawangware. Mwanamume mmoja mwenye ukumbi huko, mtu wa makamo, mpole wa maneno na mgumu wa kushawishika, alituma ujumbe kwamba yeye na wenzake wanne wenye kumbi wako tayari kuupokea mchezo ule wakiridhika nao. Kwa binti yangu hilo lilikuwa kila kitu. Mchezo unaochezwa katika chumba kimoja ni kazi ya shule; unaochezwa mtaa wa pili, na watu wasiokujua, umekwisha kuwa mchezo. Ikapangwa mechi ya raundi tano. Kawangware walileta bingwa wao, sisi tukamtoa fundi viatu. Kwa kawaida yetu, mgeni alipewa kiti cha kulia, penye feni, na mwenyeji akakaa kushoto karibu na mlango.

Tulishinda raundi zote tano. Kila mpango alioupanga mgeni, fundi viatu aliujibu kana kwamba waliupanga pamoja. Vijana wa Kibera walipiga mabati mpaka mwenye duka la jirani akaja kulalamika. Wageni walituaga kwa heshima, na heshima ile haikunipendeza.

Wiki haikuisha kabla maneno hayajarudi. Kwamba kompyuta iliyoko kaunta huonyesha kila kinachoguswa kwenye tableti ya mgeni. Kwamba binti yangu hukaa pale akisoma, kisha humpa mtu wake ishara kwa kukohoa: mara moja ni mabeki wanne, mara mbili ni watano. Ni kweli kwamba siku ile binti yangu alikohoa. Alikuwa na mafua.

Jioni alinijia Nyayo Highrise, akakaa mezani bila kugusa chai.

"Gemu ikishaitwa ya wizi imekufa, Baba," akasema. "Hata nikiapa, nani atasikia? Hakuna mtu wa Kawangware atakayegusa hiyo tableti tena. Na hapa kwetu wataigusa kwa sababu wanadhani inawapendelea, ambalo ni baya zaidi."

"Je, unasoma tableti za wageni?"

Aliinua macho kunitazama. Mama yake alikuwa na macho hayohayo.

"Hapana."

"Vyema. Nimeliandika kama jibu. Bado sijaliandika kama ukweli."

Hakukasirika. Alisema, "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Jumamosi yule mwenye ukumbi wa Kawangware alifika na bingwa wake pamoja na vijana wawili. Nilidhani angeleta fundi wa kompyuta. Alinyoosha mkono kunielekea mimi.

"Apime mzee," akasema.

"Huyu ni baba yake!" kijana wake mmoja akamnong'oneza, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Najua ni baba yake. Nikiwa mdogo, mama yangu alikuwa anauza maharagwe soko ya Kawangware. Karibu naye kulikuwa na mama wa mahindi, gorogoro yake imegongwa kitako mpaka kimepanda ndani, ukitazama juu imejaa, kumbe imepunjwa. Mkaguzi akaja, akaitazama, akaitoboa kwa msumari mbele ya soko yote. Yule mama akalia akasema, 'Shemeji, hata mimi?' Akajibu, 'Hasa wewe.'" Akanigeukia. "Ama nimeongeza chumvi, mzee?"

"Nilisema, 'Wewe kwanza,'" nikamrekebisha. "Mengine ni sahihi." Shemeji yangu hakunisemesha kwa miaka sita, lakini hilo halikumhusu mgeni.

Nilianza kazi. Kwanza nilikataza mtu yeyote kunieleza alichokiona siku ya mechi. Pili, nilimwamuru binti yangu aizime kompyuta ya kaunta, aibebe, aende nayo kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akae kati ya vijana wawili wa Kawangware. Tatu, nilimpa bingwa wao karatasi: kila mpango atakaoupanga kwenye tableti auandike, aukunje, anipe mimi. Kisha fundi viatu angeupanga wake, nasi tungelinganisha.

Walifanya mara tano, kupanga tu bila kucheza. Mgeni alipanga, fundi viatu akasimama kwa adabu akageukia ukuta, "tayari" ikasemwa, akarudi akapanga wake. Nilifungua karatasi zote tano. Mara zote tano alikuwa amejibu barabara.

Mwenye ukumbi wa Kawangware alitazama karatasi, akatazama kibanda cha chai, ambako binti yangu alionekana amekaa wima, kompyuta mapajani.

"Basi si yeye," akasema polepole. "Labda huyu fundi ana kipaji tu. Mzee, mimi nimeridhika."

Ningeweza kufunga daftari hapo. Swali nililoulizwa lilikuwa kama binti yangu anasoma tableti za wageni, na jibu lilikuwa hapana, nami nilikuwa nimelithibitisha mbele ya mashahidi. Lakini nilikuwa nimeshika magorogoro mengi mno maishani mwangu yaliyoonekana kujaa kwa juu.

"Bado," nikasema. Nikamwondoa fundi viatu mahali pake, nikasimama pale mimi. "Mgeni, panga mara ya sita."

Nikageukia ukuta.

Mbele yangu palikuwa na jina langu kwa herufi kubwa. Palikuwa na muhuri. Palikuwa na ule mstari unaotaja uadilifu na uaminifu wangu usiotiliwa shaka, na juu ya mstari huo, ndani ya kioo nilichokifuta kwa mkono wangu, yalielea madoa madogo ya manjano. Kioo kilikuwa kimeshika tableti ya mgeni iliyokuwa nyuma yangu, juu ya bega lake, kulia kukiwa kushoto, lakini wazi kabisa. Nikayahesabu madoa: manne nyuma, matatu katikati, matatu mbele. Kidole cha mgeni kilimburuta mmoja akapita juu ya sahihi ya mkurugenzi.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna mwingine aliyeona, ila fundi viatu ambaye hakuwa amesema. Mwenye ukumbi wa Kawangware alikuwa amesharidhika. Msumari ungeweza kung'olewa kesho, kimyakimya, na mchezo wa binti yangu ungevuka mpaka Kawangware ukiwa na jina safi, na jina langu pia.

"Mwiteni," nikasema.

Alipoingia nilimsimamisha pale pale niliposimama. "Tazama mbele. Usiseme kitu mpaka uwe na hakika."

Alitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno, nimeyapanga kama hukumu, lakini hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliiinua fremu kutoka kwenye msumari, akailaza kifudifudi juu ya benchi, akamgeukia mwenye ukumbi wa Kawangware.

"Hiki kioo kilikuwa kinaonyesha tableti yenu," akasema. "Aliyekaa kushoto akigeuka anaona kila kitu. Aliye kulia anaona mabati. Sikujua, lakini ukumbi ni wangu na nilikitundika mimi. Zile tano zifuteni. Hatukushinda."

Vijana wa Kibera waliokuwa wamejaa mlangoni walilipuka.

"Zii! Madam, zii! Tulishinda!"

"Manze, si ungenyamaza tu? Walikuwa wamekubali!"

"Nyamaza wewe," akamwambia bila kugeuza kichwa.

Nikamwita fundi viatu. "Ulikuwa unaona?"

Alijikuna shingo. "Mzee, mimi niliambiwa nigeuke, nikageuka. Sasa nikigeuka nifunge macho kama mtu anaombewa?"

"Ulikuwa unaona?"

"Mwanzo nilikuwa nasoma cheti. Kusoma cheti cha mzee ni heshima. Halafu... halafu nikaona kuna watu wanatembea juu yake."

Hata Kawangware walicheka. Mwenye ukumbi wao alipangusa macho, akanitazama, akasema, "Kumbe tumemsingizia binti bure. Aliyekuwa anatuchungulia ni mzee mwenyewe!"

Mimi sikucheka. Niliandika: chanzo cha kasoro, cheti cha mkaguzi. Nimecheka baadaye, zaidi ya mara moja, nikiwa peke yangu jikoni.

Nilipotoboa gorogoro ya shemeji yangu, nilikuwa na sheria mgongoni, mshahara mwisho wa mwezi na muhuri wa serikali mfukoni. Watu wangelia, nami ningelala salama. Binti yangu hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Alikuwa na chumba cha mabati, mchezo ambao ungeweza kufa kwa sentensi aliyokuwa akiitamka, na umati wa watu wake wakimwomba anyamaze. Aliitamka kabla sijafungua mdomo. Sijawahi kumwambia nilichohisi nikiwa nimesimama pale na daftari langu. Nakiandika hapa, kwa kuwa yeye husoma kila ninachoandika.

Mechi ilirudiwa mchana uleule, ukuta ukiwa mtupu. Tulifungwa raundi tatu kwa mbili. Mama wa Silanga, aliyepita na gunia lake raundi ya mwisho ikiendelea, alitangaza kwamba angekuwa yeye kwenye tableti hilo lisingetokea, na ninaelekea kukubaliana naye. Mwenye ukumbi wa Kawangware alipokuwa akiaga hakuzungumzia ushindi. Alimuuliza binti yangu, "Tableti zangu utaniletea lini?"

Kabla ya kuzipeleka aliufungua mchezo upya na kubadilisha jambo moja. Sasa wote wawili hupanga kwa wakati mmoja, kila mtu macho kwenye kioo chake, na televisheni haifunguki mpaka vidole vya wote viwili viguse neno "tayari." Nilimuuliza kwa nini hakutosheka na kuondoa fremu.

"Hapa nimeondoa fremu, Baba. Huko kwao sijui kuna nini ukutani."

Nilikwenda naye Kawangware siku ya kufunga tableti. Mwenye ukumbi alitupokea mlangoni kwa mikono miwili, lakini macho yangu yalikwisha kumpita. Nusu ya ukumbi wake ni duka la kinyozi. Kulikuwa na vioo ukuta wa nyuma, vioo kushoto, na kimoja kirefu kando ya mlango, na katikati yao kinyozi mwenyewe, mashine ikivuma juu ya kichwa cha mteja.

"Hapa mtu akigeukia ukuta huona nini?" nikamuuliza mwenye ukumbi.

"Hapa, mzee? Ukigeuka unajiona mara nne," akasema. "Na kama hujanyoa, aibu mara nne."

Binti yangu alinitazama, kwa yale macho ya mama yake, kisha akainama kuendelea kuunganisha nyaya zake.

Vijana wawili wakakaa kuanza. Kidole cha mmoja kilipogusa tableti, mwenzake aliinuka nusu, tayari kugeuka, mwili wenyewe ukimwongoza. Kisha akakumbuka, akaketi, akainamia kioo chake. Nilisimama nyuma yao, kando yao, mbele ya kila kioo cha kinyozi, kwa raundi nane. Niliona mgongo wangu mwenyewe kutoka pembe ambazo sikuwahi kuuona, na vivuli vya rangi vikicheza kwenye vioo, lakini kila nilipojaribu kuvisoma, mpinzani alikuwa ameinamia tableti yake akipanga, na kabla hajainua macho kutazama popote, "tayari" mbili zilikuwa zimeguswa na mpira umeanza. Sikupata kasoro. Niliandika kwenye daftari neno moja nililokuwa nikiliandika zamani, "Imepita," nikatia tarehe na sahihi. Mwenye ukumbi aliniomba ukurasa ule. Nikauchana nikampa, naye akaomba gundi kwa kinyozi.

Cheti kilikaa kwangu Nyayo Highrise miezi miwili, kimeegemea kabati, uso ukutani. Kisha binti yangu alikuja kukichukua. Alikuwa ameshalifikiria mapema, kama kawaida yake: alikitaka kirudi mahali pake, upande wa kushoto, kimo cha macho, lakini bila kioo. Aliniuliza kama niko radhi, maana vumbi la barabara ile halina huruma na karatasi, na mvua hupenya mabati.

Nikamwambia akate kioo atengenezee kitu cha maana.

Kiko pale sasa, karatasi wazi ndani ya fremu. Kona ya chini imeanza kujikunja, na rangi ya muhuri inapauka mwezi hadi mwezi. Fundi viatu ananiambia kwamba mstari wa uaminifu bado unasomeka vizuri. Nilimjibu kwamba nitakwenda kuangalia mwenyewe.